Kufufua Jahazi Lililotupwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tulishue upya jahazi letu, yaani tuliteremshe tena majini, hapa Lamu, haipiti wiki bila mtu kuuliza. Mmoja ana mashua ya marehemu babu yake iliyopwelewa Faza, mwingine ameona dau zuri linaoza Pangani, mwingine yuko Maskati na anataka kujua kama chombo cha ukoo wao bado kinaweza kuokolewa. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ya tulivyofanya sisi wenyewe, pamoja na makosa yetu.

Jahazi letu lina urefu wa mita 11. Enzi zake lilibeba mawe ya ujenzi, mchanga na boriti. Tulilikuta limelala kwenye mikoko baada ya miaka 9 bila mtu, mche wa mkandaa umeota ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa chombo, kama uliopandwa makusudi. Kazi ilituchukua miezi 14.

Nitajuaje kama chombo bado kinafaa?

Anza na mkuku, ule mti mrefu wa chini ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Rangi, sitaha na uzuri wa gubeti (pua ya chombo) vitangoja. Subiri bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapopwa mbali na chombo kikabaki kikavu kabisa. Lala chini kwenye tope, kwangua matope na chaza, kisha choma mkuku kwa bisibisi au msumari mrefu, kila baada ya shubiri moja, kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Mti mzima unaikataa bisibisi. Mti uliooza unaipokea kama ndizi mbivu, na ukiichomoa hutoka na unga mweusi wenye maji.

Baada ya mkuku, nenda kwenye fashini ya mbele na ya nyuma, miti inayoinuka kutoka ncha za mkuku, hasa pale vichwa vya mbao vinapopigiliwa. Kisha ingia ndani. Wazee husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa mtu anayekagua chombo maneno haya ni kweli tupu: siri zote ziko ngamani. Pale ndipo maji ya mvua yalipokaa miaka yote, na pale ndipo miguu ya mataruma (mbavu za chombo) huoza kabla ya sehemu nyingine. Gonga kila taruma kwa nyundo ndogo. Zima hulia, bovu hunyamaza. Fundi wetu alikuwa akigonga huku amefumba macho, na kila palipokuwa bubu aliweka alama ya chokaa. Alipomaliza tulihesabu alama 13 kwenye mataruma 34.

Mwisho vuta uzi ulionyooka pembeni mwa mkuku. Chombo kilichoachwa bila gadi (miti ya kukiegemeza) huanguka mgongo: katikati hubaki juu, omo na tezi vikashuka. Kidogo hurekebishika. Kikizidi, utapigana nacho mpaka uchoke.

Uamuzi wangu ni huu. Mkuku mzima, fashini nzima, umbo halijapotoka: kifufue, hata kama nusu ya mbao ni mbovu. Mkuku ukiwa umekatika au umeliwa wote, hapo unaunda chombo kipya. Si vibaya, lakini jiambie ukweli mapema, na kabla hujakivunja cha zamani kichukue vipimo vyote.

Nini hasa huua chombo cha mbao?

Wengi hudhani ni maji ya chumvi. Kinyume chake, chumvi huihifadhi mbao. Kinachoozesha ni maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo kisichotumika, pahali pasipopita upepo. Ukuvu unapenda hapo. Ndiyo maana chombo kinachosafiri kila siku hukaa miaka mingi, na cha jirani yake kilichofungwa tu kikafa upesi.

Muuaji wa pili ni mdudu wa baharini ambaye wataalamu humwita teredo. Kwa kweli si mdudu, ni wa jamii ya chaza na kome, lakini ana mwili mrefu kama mnyoo. Huingia kwenye ubao akiwa mdogo mno, tundu lake la nje halizidi ncha ya sindano, kisha hukua humohumo akichimba. Kwa nje unaona ubao safi. Ukiukata, ndani ni mapango unayoweza kuingiza kidole. Hapa pwani dawa ya tangu zamani ni kupweleza chombo, yaani kukiacha kikauke maji yakipwa, na kukipitishia moto wa makuti chini ya tumbo, mwepesi na wa haraka, kisha kupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu (mafuta ya mnyama). Aliyefanya hivyo kwa utaratibu alihifadhi chombo chake. Chombo kilichotelekezwa majini hakina wa kukipitishia moto.

Wa tatu ni jua. Ubao hunywea, viungo hufunguka, kalafati (pamba inayoziba viungo) hudondoka. Wa nne ni msumari wa chuma: ukishika kutu, mbao zinazouzunguka hugeuka nyeusi na laini, msumari ukawa hauna pa kushika. Ukiona duara jeusi kuzunguka kila kichwa cha msumari, jua kazi ya kupigilia upya ni kubwa.

Chombo kimeachwa pwani miaka kumi. Naweza kukichukua tu?

Hapana. Kila chombo kina mwenyewe, na kama mwenyewe amekufa kina warithi. Mara nyingi warithi ni wengi, mmoja yuko hapa, mwingine Mombasa, mwingine Arabuni, na kila mmoja ana fungu lake. Sisi tulitumia miezi 2 kuwatafuta warithi 7 kabla ya kugusa hata kipande cha kamba. Tuliandikiana karatasi, wakatia sahihi, chifu akashuhudia pamoja na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo. Zanzibar utaanzia kwa sheha.

Usione ni usumbufu. Mjane mmoja alipotia sahihi alitukabidhi kana (mpini wa usukani) ya jahazi, aliyokuwa ameihifadhi nyumbani nyuma ya kabati. Mti wake umelainika kwa viganja vya mumewe. Tumeirudisha mahali pake, na hakuna sehemu ya jahazi ninayoithamini kuliko hiyo.

Nianze na nini mara nikishakubaliana na wenyewe?

Kisimamishe sawasawa. Weka gadi pande zote mbili na magogo chini ya mkuku, uhakikishe uzito umelala kwenye mkuku na si kwenye mbavu. Kisha jenga kivuli cha makuti juu yake. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu wana haraka ya kuona mbao mpya, na jua linawaharibia hata zile mbao nzima walizokuwa nazo. Toa tope, toa takataka, osha ndani kwa maji ya bahari. Piga picha kila upande. Pima upana wa chombo kila baada ya mita moja na uandike, kwa sababu ukianza kutoa mbao utasahau umbo lilikuwaje.

Fundi nitampata wapi?

Lamu nenda Matondoni, kijiji ambacho kuunda vyombo ndiyo sifa yake, au kisiwa cha Pate. Zanzibar nenda Nungwi, utasikia tezo, kishoka cha kuchongea mbao, kabla hujaiona bahari. Mafia kuna kisiwa cha Jibondo, ambacho waunzi wake wanajulikana pwani nzima ya Tanzania.

Usimchague kwa bei. Mwombe akuoneshe chombo alichokitengeneza miaka 5 iliyopita, si kile cha juzi. Mwulize mwenye chombo hicho anafua maji (kuyatoa ngamani) mara ngapi.

Mapatano ni ya namna mbili: ujira wa siku au kazi nzima kwa bei moja. Kwa chombo kipya bei moja inafaa. Kwa chombo cha zamani mimi nashauri ujira wa siku, kwa sababu hakuna ajuaye utakuta nini nyuma ya ubao, na fundi aliyebanwa na bei atashawishika kuufunika ubovu badala ya kuutoa. Na tafadhali, lipia vijana wawili wakae naye kama wanafunzi. Fundi wetu hana mchoro hata mmoja. Umbo lote liko jichoni mwake na kwenye mkono unaopapasa ubao. Siku akiondoka, ujuzi huo hauko kwenye karatasi yoyote. Hili linaniuma kuliko kuoza kwa jahazi lolote.

Mbao gani zinafaa?

Kwa mkuku na mbao za tumbo, mbambakofi ndio mfalme wa miti yetu: mzito, mgumu, haufuri wala kunywea sana. Msaji ni mzuri pia kama mfuko unaruhusu. Kwa mataruma unatafuta mti ambao Mungu ameupinda tayari. Tawi lililojikunja lenyewe lina nyuzi zinazofuata mkunjo, lakini ukikata mkunjo kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatwa njiani na taruma itavunjika palepale. Mlilana ni taruma safi. Mwembe, mfenesi na mwarobaini pia hutumika, na hiyo inapatikana mashambani. Kwa mlingoti, tafuta mvinje mrefu usio na vifundo vikubwa.

Mikoko na miti ya msituni haikatwi hivihivi. Kenya kibali hutolewa na Kenya Forest Service, na Tanzania Bara ni Wakala wa Huduma za Misitu. Omba kabla, na dai risiti ya kila gogo unalonunua, maana ukisimamishwa njiani bila karatasi unapoteza mbao na fedha pamoja.

Kosa letu: tulinunua mbao 8 kwa mfanyabiashara aliyetuapia kuwa zimekauka. Zilikuwa mbichi. Tukazipigilia, na baada ya wiki 6 viungo vyote vilikuwa vimeachana upana wa kidole kidogo. Tukatoa, tukaanza tena. Sasa kabla ya kununua tunakata kipande mwishoni na kukipima uzito, tunakiweka juani siku 3, tunakipima tena.

Nitoe mbao zote mbovu kwa pamoja?

Usithubutu. Chombo hushikwa na mbao zake. Ukizitoa zote kwa mpigo, umbo linalegea na halirudi. Toa ubao mmoja, uruke miwili, utoe mwingine. Taruma vilevile: ingiza mpya, ifunge, ndipo uiguse inayofuata. Kazi inakwenda polepole na watu watakucheka. Waache.

Je, misumari ya dukani inafaa?

Misumari iliyopakwa zinki kwa moto inafaa, na ile ya mhunzi iliyofuliwa kwa mkono bado inashika vizuri. Jihadhari na ile iliyong'arishwa tu, inayong'aa kama fedha. Ichovye kwenye maji ya bahari usiku kucha kwenye kopo. Yenye kutu asubuhi irudishe dukani. Kabla ya kupigilia toboa tundu kwa keekee au drili, na zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari ili maji yasifuate chuma ndani.

Kalafati inafanywaje?

Hii ndiyo kazi niipendayo, na ndiyo inayoharibiwa sana na wenye haraka.

Pamba husokotwa kwa kiganja juu ya paja iwe uzi mnene kidogo kuliko nafasi ya kiungo, kisha hulowekwa kwenye mafuta ya nazi au sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Fundi hukaa ameegemea tumbo la chombo, mkono wa kushoto na patasi butu, wa kulia na nyundo ya mti. Haupigilii uzi ukanyooka. Anaukunja vijikunjo vidogo na kuvisukuma kimoja kimoja, ili pamba ijae ndani kama soksi iliyoshindiliwa. Sauti hubadilika: mwanzoni ni nzito na tupu, ikijaa inakuwa kavu na kali. Akiisikia hiyo anasogea upana wa vidole viwili. Mita moja inaweza kumchukua saa nzima.

Jambo la kuangalia ni nguvu. Chombo kilichokaa nchi kavu miaka mingi kina mbao zilizonywea. Ukikishindilia pamba mpaka basi, kikiingia majini mbao zitafura, hazina pa kwenda, na zitasukuma mataruma mpaka misumari ing'oke. Kwa hiyo lowesha kwanza. Sisi tulimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki 3, magunia yaliyolowa yakiwa yamelazwa ndani, ndipo kalafati ikaanza.

Kwa nini nisifunike yote kwa faiba, nimalize?

Kwa sababu mbao ya zamani ina maji ndani yake na inaendelea kufura na kunywea, na faiba haifuri wala hainywei. Zitaachana. Maji yataingia katikati, hayatatoka, na ubao utaoza gizani usione chochote mpaka siku utakapokanyaga na mguu ukatokea upande wa pili. Nimeona vyombo viwili vilivyozikwa hivyo.

Deheni au rangi ya kisasa?

Chini ya maji, deheni ya chokaa na shahamu bado inafanya kazi, ni ya bei nafuu, na unaichanganya mwenyewe. Lakini inataka kurudiwa kila baada ya miezi michache, kila mara ukipweleza. Rangi ya kuzuia chaza na wadudu hudumu zaidi, ila ni ghali, na ina sumu: usiikwangue pale watoto wanapookota chaza. Juu ya maji mimi nabaki na sifa. Inaingia ndani ya mti badala ya kukaa juu yake, na ubao ukianza kuharibika unauona.

Mlingoti na tanga?

Mlingoti wa zamani kagua mguuni, pale unapoingia kwenye kikao chake juu ya mkuku, na pale kamba zinapousugua juu. Usiusimamishe wima kabisa; mlingoti wetu huinamia mbele, na tanga limekatwa kwa kutegemea hivyo. Foromali, mti wa juu unaofungiwa tanga, mara nyingi ni miti miwili iliyounganishwa kwa kufungwa kamba, na kamba hizo zote ziwe mpya.

Tanga lilitushtua kwa gharama. Tulikuwa tumepanga fedha za mbao na ujira, ambazo kweli ndizo kubwa, lakini turubai, kamba na siku za fundi wa matanga vilikula karibu akiba yote. Weka fungu lake pembeni siku ya kwanza.

Naweza kuweka injini?

Unaweza, na kwa mtu anayevuka mkondo kila siku ina faida. Ila kitanda cha injini kilazwe juu ya miti mirefu inayoshika mataruma mengi, si mawili. Mtikisiko wa injini hulegeza misumari ya nyuma na kutikisa kalafati. Na mlingoti usiutoe. Injini ikizima nje ya kilango wakati wa kusi (pepo kali za kusini), tanga ndilo litakalokurudisha nyumbani.

Msimu gani ni mzuri?

Masika na kusi kali, kuanzia Aprili, vyombo vingi hupandishwa, mafundi wanapatikana na mbao hazikaukii juani kupita kiasi. Lenga kushua kaskazi (pepo za kaskazini) inapoingia na bahari kutulia, kuanzia Desemba.

Kuna chombo kikubwa kilichowahi kuokolewa?

Kipo, na hadithi yake inatuhusu. Katika mji wa Sur, Oman, kuna ghanja (aina ya jahazi kubwa la Kiarabu) iitwayo Fatah al-Khair, iliyoundwa hapohapo mwaka 1951, wakati vyombo vya Sur bado vikija kwetu na pepo za kaskazi. Baadaye iliuzwa ikaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha, wakainunua, wakairudisha nyumbani na kuitengeneza. Leo imesimama nchi kavu na watu huenda kuitazama.

Kwa upande wetu kuna mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake la mkeka. Hakuna aliyeuwekea kivuli cha makuti hata mmoja wa mwisho. Tuliyo nayo leo ni mifano, kama ile ya Makumbusho ya Lamu na Fort Jesus. Mtepe uliojengwa upya kwa maonesho uliwekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, na jengo lenyewe sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Kila ninapopita mbele ya mfano wa mtepe nafikiria jinsi ambavyo kizazi kimoja tu cha watu kingetosha kuokoa mmoja.

Vibali vya kusafiria?

Kikishatengenezwa kisajili na kikaguliwe: Kenya Maritime Authority kwa Kenya, TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri wa Baharini kwa Zanzibar. Nunua jaketi za kuokolea maisha kwa idadi ya watu utakaobeba, na usibebe zaidi ya hapo hata wakikusihi.

Tulilishua jana na linavuja. Tumekosea wapi?

Huenda hamkukosea popote. Chombo kilichotoka nchi kavu huvuja siku ya kwanza, hata ya pili, mpaka mbao zinywe maji na kubana. Kifungeni mahali pa kina kifupi penye mchanga, na mtu alale ndani na upo (kata ya kufulia maji) mkononi.

Letu lilishuliwa kwa bamvua ya asubuhi. Mzee mmoja alisoma fatiha, watu wa mtaa wakashika kamba, magogo yakapakwa shahamu, na likateremka kwa kelele kama linaloguna. Usiku huo tulifua maji kila nusu saa. Alfajiri ikawa kila saa 2. Siku ya tatu niliteremka ngamani na taa, nikapapasa kiungo cha kwanza juu ya mkuku, kilekile kilichokuwa kikitoa maji kama mfereji. Kilikuwa na unyevu tu. Wiki iliyofuata lilipakia mchanga wake wa kwanza.